Tathmini ya 4-Poster: kifaa cha kupe kinachomlinda jirani kuliko kulungu mwenyewe

Kifaa kiitwacho 4-Poster huuzwa Marekani kwa ahadi ambayo mfugaji yeyote aliyewahi kushindana na kupe ataisikiliza kwa makini: kulungu hujipaka dawa mwenyewe anapokuja kula, pasipo kukamatwa, kufungwa wala kuswagwa kuelekea kwenye josho. Nimefanya kazi nacho katika shamba moja la kulungu wa mkia mweupe kusini mwa Marekani, ambako wanyama huishi mwaka mzima ndani ya uzio wa takriban mita 2.4. Kulungu ninaowazungumzia ni wa Marekani Kaskazini, ambao madume yao huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine, si wale wa vichaka vya kwetu. Kwa kuwa kabla ya hapo nilikuwa afisa mifugo Tanzania, nilikitazama kifaa hiki kwa jicho la mtu aliyezoea kuiuliza kila dawa ya kupe swali moja tu: je, wanyama wanaougua na kufa wamepungua? Jibu langu ni kwamba wamepungua kwa kiasi, lakini si kwa kiwango kinachodaiwa na wauzaji, na sababu ya tofauti hiyo imo ndani ya kifaa chenyewe.

Katikati ya kifaa pana tangi la plastiki lenye mfuniko, ambalo hujazwa punje kavu za mahindi. Punje hushuka zenyewe hadi kwenye vihori viwili vidogo, kimoja kila upande, na kila kihori kimezungukwa na nguzo mbili zilizosimama zenye rola kama zile za kupakia rangi ukutani. Ndiyo maana jina lake huanza na tarakimu 4. Rola hulowekwa dawa ya permethrini ya asilimia 10. Kwa jinsi kihori kilivyowekwa, mnyama hawezi kuyafikia mahindi bila kuinamisha kichwa kando na kusugua masikio, mashavu na shingo kwenye rola. Hapo ndipo werevu wa wabunifu unapoonekana, kwa sababu kupe wazima wanaomshambulia kulungu hujazana hasa kichwani, masikioni na shingoni. Kisha mnyama anapojilamba na kujisugua, dawa husambaa sehemu nyingine za mwili. Hakuna betri, hakuna injini na hakuna cha kuharibika kirahisi isipokuwa rola zenyewe. Kwa upande wa ufundi sina la kulalamikia.

Mnunuzi mwenye shamba anapaswa kujua kifaa hiki kilibuniwa kwa ajili ya nani. Kilitokana na kazi ya watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani katika maabara ya Kerrville, Texas, na hataza yake ilitolewa mwaka 1994. Jaribio lake kubwa lilianza mwaka 1997 katika majimbo matano ya kaskazini-mashariki, yaani Connecticut, Rhode Island, New York, New Jersey na Maryland, na lengo lilikuwa kuwakinga watu dhidi ya ugonjwa wa Lyme, unaosababishwa na bakteria wanaoenezwa na kupe. Kulungu waliotumika walikuwa wa porini, wanaozurura katika vitongoji vya makazi. Kipimo cha mafanikio kilikuwa idadi ya kupe wachanga, hatua ya tunutu, waliookotwa kwa kuburuta kitambaa juu ya majani, na baada ya miaka kadhaa ya matumizi walikuwa wamepungua kwa takriban asilimia 71 wakilinganishwa na maeneo yasiyokuwa na kifaa. Matokeo hayo ni mazuri, ingawa jaribio jingine lililofanyika baadaye Massachusetts lilipata upungufu mdogo mno. Hata hivyo, hakuna mahali katika hesabu hiyo ambapo afya ya kulungu ilikuwa ndiyo inayopimwa. Kulungu alikuwa chombo cha kufikisha dawa kwa kupe. Mfugaji anayekinunua ili kuwaokoa wanyama wake anakitumia kwa kazi ambayo ni ndugu wa ile ya asili, lakini si ileile.

Ili kueleza tofauti hiyo ni lazima kutaja magonjwa yenyewe. Ugonjwa wa Lyme, ambao huwekwa mbele katika karibu kila tangazo, haumsumbui kulungu wa mkia mweupe. Yeye huwalisha kupe wazima wenye miguu myeusi, lakini vimelea vya Lyme havistawi mwilini mwake, na kupe huvipata kutoka kwa panya na wanyama wengine wadogo. Vivyo hivyo bakteria wa erlikia wanaoletwa na kupe wa nyota moja, yule ambaye jike lake lina doa jeupe mgongoni: kulungu huwabeba bila kuonyesha dalili, na anayeugua ni binadamu. Kinachomhusu mfugaji moja kwa moja ni vimelea vya damu. Theileria cervi, ndugu wa mbali wa kimelea cha ndigana kali tunayoifahamu Afrika Mashariki, huenezwa na kupe huyo wa nyota moja na hupatikana katika damu ya kulungu wengi wazima walio na afya njema. Kwa kawaida hunyamaza. Huamka mnyama anapodhoofika kwa minyoo, kwa msongamano, kwa kusafirishwa au kwa lishe duni, na hapo ndipo tunapoona ufizi mweupe, manyoya yaliyosimama na ndama wanaobaki nyuma ya wenzao.

Babesia odocoilei ni hatari kwa namna nyingine. Huenezwa na kupe wenye miguu myeusi, na kulungu wa mkia mweupe huivumilia vizuri. Lakini akifugwa jirani na wapiti, aina ya kulungu wakubwa wa Marekani Kaskazini, au na kulungu wa Aktiki, wale wavuta magari ya theluji ambao mashamba mengi huwaweka kwa ajili ya wageni wa Krismasi, vimelea vilevile vinaweza kumfanya jirani akojoe mkojo mwekundu na kufa kabla mwenye shamba hajapata nafasi ya kumwita daktari. Vifo vya namna hiyo vimeripotiwa katika bustani za wanyama na katika mashamba. Dawa iitwayo imidocarb, ambayo wafugaji wa kwetu huijua kutokana na ng'ombe wenye mkojo mwekundu, imetumika kuwatibu, lakini mafanikio hutegemea kuwahi, na kuwahi ni jambo gumu kwa mnyama aliyeumbwa kuficha udhaifu wake mpaka siku ya mwisho.

Sasa nikirudi kwenye kifaa, sifa yake kuu ni kwamba kinamwacha mnyama katika utulivu wake. Anayetoka katika ufugaji wa ng'ombe huenda asiipe sifa hiyo uzito unaostahili. Kulungu anayefukuzwa na kubanwa anaweza kuharibika misuli kwa hofu na mbio, kisha akafa saa chache au siku kadhaa baadaye, hata kama shughuli yenyewe ilionekana kwenda salama. Mashamba yenye uwezo hujenga vyumba vya giza na vizimba maalumu vya kumbana mnyama bila kumwumiza, na bado wafanyakazi hufanya shughuli hiyo mara chache kadiri wawezavyo. Dawa ya kumimina mgongoni inaua kupe vizuri, lakini inahitaji mnyama awe mbele yako. 4-Poster inampaka dawa usiku, akiwa peke yake, tena mara nyingi kwa juma, na hakuna anayepumua kwa taabu kesho yake. Kwa majike wazima na madume wachanga katika shamba letu, masikio yalikuwa safi kwa namna inayoonekana hata kwa darubini ya mkononi kutoka ng'ambo ya uzio. Kwa kundi hilo la wanyama ningekinunua tena bila kusita.

Tatizo ni ndama. Watoto wa kulungu huzaliwa mwishoni mwa Mei na mwezi wa Juni, wakati ambapo kupe wa nyota moja wako katika kilele chao, na kwa majuma ya mwanzo mama huwalaza wakiwa wametulia kimya ndani ya majani marefu, mahali palepale ambapo kupe husubiri. Ndama hao hawali mahindi. Hawaigusi rola hata mara moja katika kipindi ambacho ngozi yao ni laini, damu yao ni kidogo na kinga yao bado haijakomaa. Mashariki mwa Oklahoma watafiti wa wanyamapori walishuhudia ndama wakivamiwa na kupe kuzunguka macho mpaka wakapofuka na kufa, na mtu aliyewahi kumwokota ndama wa namna hiyo hawezi kuridhishwa na maelezo kwamba mama yake ana masikio safi. Ni kweli kwamba kupe wa nyota moja hutegemea kulungu katika hatua zake zote tatu, hivyo kila kupe anayeuawa kwa mama ni maelfu ya mayai yasiyotagwa na, mwaka unaofuata, majani yenye kupe wachache zaidi kwa ndama watakaozaliwa. Lakini faida hiyo huja kwa kuchelewa. Kwa kupe wenye miguu myeusi, ambao huhitaji takriban miaka miwili kumaliza mzunguko wa maisha yao, anayeweka kifaa masika hii asitarajie kuona badiliko la maana masika ijayo. Muuzaji aliyetuhudumia, ambaye sitamtaja, hakusema neno lolote kuhusu jambo hili, na kijikaratasi alichotupatia kilikuwa na picha ya ndama.

Jambo la pili ni mahindi. Katika msitu wa kaskazini-mashariki, kulungu mwenye njaa ya majira ya baridi huja kwenye kihori bila kushawishiwa. Katika shamba, mnyama huyohuyo anapewa chakula cha vidonge chenye protini kila siku, na mahindi kwake ni kitafunio. Hata porini mialoni ikizaa sana wakati wa vuli, kulungu huviacha vihori wakafuata mbegu zake. Sisi tulilazimika kupunguza mgawo wa vidonge ili wanyama wavifuate vihori, na hapo unaingia katika hesabu nyingine kabisa, kwa sababu kulungu asiyezoea mahindi akiyala kwa wingi ghafla hupata asidi tumboni na anaweza kufa kwa hilo kabla ya kufa kwa kupe. Yaanze kidogo kidogo. Tena yawe makavu na safi: tangi likiingiza maji, mahindi huota ukungu, na sumukuvu haibagui kati ya mtoto wa Dodoma na kulungu wa Texas. Mfuniko wa tangi letu uliziba vizuri, lakini vihori viko wazi kwa mvua ya upepo, na tulijifunza kufuta mabaki kila tulipokuja kujaza.

Kuna pia suala la nani anakula. Ndani ya uzio kila kundi lina jike mkubwa anayekimiliki kihori, na wanyonge husubiri pembeni mpaka yeye aondoke. Wanyonge hao ndio wenye kupe wengi na ndio wenye uwezekano mkubwa wa kuugua. Mapendekezo ya kawaida ya kifaa kimoja kwa takriban hekta 20 yalitokana na kulungu wa porini, na katika boma lenye wanyama wengi mahali padogo hayana maana sana. Hesabu vichwa, si hekta. Madume nao wana lao: pembe zinapokuwa bado na ngozi laini, wakati wa kiangazi, wengi wao hukwepa kuziingiza kati ya nguzo, na zikishakomaa huzigonga rola kwa nguvu kiasi cha kuzichakaza mapema. Kwa boma la madume wenye pembe kubwa, ambao kwa mashamba ya uwindaji ndio mali yenyewe, nisingekitegemea kifaa hiki peke yake.

Matunzo yake ni ya kila juma, hayana likizo. Rola huongezewa dawa kwa kipimo kinachofuata kiasi cha mahindi yaliyoliwa, jambo linalomlazimu mfanyakazi kupima na kuandika, si kukisia. Rakuni na kuchakulo hula sehemu kubwa ya mahindi bila kukulipa chochote. Gharama ya kununua kifaa husahaulika upesi. Gharama ya mahindi, dawa, rola mpya na saa za mfanyakazi ndiyo itakayokaa kwenye vitabu vya shamba. Permethrini ni salama kiasi kwa mamalia wengi, lakini ni sumu kali kwa paka, samaki na nyuki, kwa hiyo mahali pa kukiweka ni mbali na bwawa, mbali na mizinga na mbali na ghala ambako paka wa shamba hulala. Glavu na miwani si pambo. Nchini Marekani maelekezo ya lebo ya dawa yana nguvu ya sheria, na mwenye kufuga kulungu wa kuchinjwa anapaswa kuisoma lebo hiyo pamoja na daktari wake wa mifugo kabla ya kujaza rola ya kwanza.

Sheria nyingine inahusu mkusanyiko wenyewe. Ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, ule usio na tiba uliotambuliwa kwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967 katika kulungu waliokuwa wamefugwa, huenea kupitia mate, mkojo na kinyesi, na kihori kinacholambwa na kundi zima ni mahali pa kubadilishana mate. Ndiyo maana baadhi ya majimbo hukataza kuwalisha kulungu wa porini, na New York imeruhusu kifaa hiki katika maeneo machache tu. Katika boma la kufugwa wanyama tayari wanakula pamoja, hivyo hatari inayoongezeka ni ndogo. Lakini kihori kilichowekwa karibu na uzio huwavuta kulungu wa porini upande wa pili, pua kwa pua, na hapo umejiletea kupe wapya pamoja na ugonjwa ambao unaweza kuwamaliza wanyama wako wote kwa amri ya serikali. Kiwekwe katikati ya boma.

Nimeulizwa kama mahindi yaliyotiwa ivermektini hayafanyi kazi bora zaidi. Texas huyatumia katika mpango wa kutokomeza kupe wa ng'ombe, ulioanza mwaka 1906 kwa sababu ya homa iliyowaua ng'ombe kwa mkojo mwekundu, na ambao hadi leo unahangaika kando ya mto Rio Grande kwa kuwa kulungu na nilgai, swala wakubwa wenye asili ya India, huwavusha kupe hao mpakani. Dawa hiyo huingia ndani ya mwili, hivyo inawafikia kupe popote walipong'ang'ania, hata kwenye mapaja. Lakini kwa sababu hiyohiyo hubaki katika nyama, na ni lazima isimamishwe muda mrefu kabla ya msimu wa kuwinda. Tena huwezi kujua nani amekula dozi ya watu watatu. Kwa shamba la kawaida naona 4-Poster ni njia ya busara zaidi, mradi iambatane na kufyeka majani ndani na nje ya uzio, kupunguza idadi ya wanyama katika boma, na kuwakagua ndama kwa mkono katika siku za kwanza wanapotiwa hereni. Kufyeka, kwa maoni yangu, kuliwasaidia ndama wetu zaidi kuliko kifaa. Na asitokee mtu akakinunua kwa ajili ya vifo vya ghafla vya mwishoni mwa kiangazi: vingi vya vifo hivyo ni ugonjwa wa kuvuja damu unaoletwa na visubi, ambao hawajali rola wala mahindi.

Kwa wafanyakazi, faida ni ya wazi na sitaki kuipuuza. Kung'atwa na kupe wa nyota moja kunaweza kumsababishia mtu mzio wa nyama nyekundu, na mswahili anayelazimika kuacha nyama choma akiwa ugenini anastahili kuhurumiwa. Kwa ajili ya watu wanaoishi na kufanya kazi kuzunguka boma ningekipa nyota nne kati ya tano. Kwa ajili ya kulungu wazima, tatu. Kwa ndama, moja, nayo ni kwa ajili ya ndama wa mwaka unaofuata.

Baadhi ya wenzangu wa zamani wameniuliza kama kingefaa katika mashamba ya wanyamapori ya kwetu. Wazo si la ajabu: Afrika Kusini wamekuwa na kifaa cha namna hiyo kwa swala na nyati, kiitwacho Duncan, ambacho humpaka mnyama dawa anapofuata chakula, na kupe mzima wa ndigana kali hupenda masikio, sehemu ileile ambayo rola huigusa vizuri zaidi. Lakini kwetu, kabla ya swala yeyote, angefaidi kwanza nyani, ambaye angejifunza kufungua mfuniko wa tangi siku ya pili, na mahindi yanayomwagwa kila juma kwa wanyama wa porini ni chakula cha mtu mahali ambapo jirani wa shamba ananunua unga kwa kilo. Anayetaka kujaribu aanze na Duncan, na akifunge kwa mnyororo.